Je, Wajua? Bomba, Pampu na Duara: Hisa za Serikali Kanda ya Dhahabu

Serikali ikitangaza kwamba imepata hisa katika mradi mkubwa, makofi hayakosi. Mshauri wa nishati naye hupiga makofi, lakini kidogo, kisha huuliza maswali matatu: hisa hizo zimelipiwa au ni za bure? Nani anatangulia kwenye foleni ya malipo? Na daftari liko kwa nani? Safu yetu leo inayapeleka maswali hayo Shinyanga na Geita, ambako mafuta, umeme na dhahabu vinakutana barabara moja.

BOMBA LINALOPITA KWETU

1. Je, wajua kwamba bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, linakatiza Geita na Shinyanga? Linaanzia Kabaale, wilayani Hoima, Uganda, na kuishia rasi ya Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Linapita mikoa 8: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga.

2. Je, wajua kwamba mafuta hayo yakipoa yanaganda? Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Ili yasafiri, lazima yabaki na joto la nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi mwendo wote. Ndiyo maana bomba linavikwa koti la povu la kuhifadhi joto na kutembezewa nyaya za umeme za kulipasha. Hata kwenye jua la Kahama, bomba lililofukiwa ardhini linahitaji kupashwa moto.

3. Je, wajua koti hilo linavishwa wapi? Ni Sojo, wilayani Nzega, hatua chache kutoka mpaka wa Shinyanga. Kila kipande cha bomba kina urefu wa mita 18 na kipenyo cha inchi 24. Gawanya kilomita 1,443 kwa mita 18 upate vipande zaidi ya 80,000, na kila maungio lazima yachomelewe na kukaguliwa kabla ya kufukiwa.

4. Je, wajua bomba likijaa litabeba kiasi gani? Uwezo wake wa juu ni mapipa 246,000 kwa siku. Pipa moja ni lita 159, kwa hiyo ni takribani lita milioni 39. Kazi hiyo ikiachiwa malori yanayobeba lita 40,000 kila moja, barabara ingehitaji karibu malori 1,000 kwa siku, kila siku, bila Jumapili.

5. Je, wajua kwamba kati ya wanahisa wanne wa EACOP, watatu ni kampuni za serikali? TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62. Zilizobaki zimegawanywa hivi: Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) asilimia 15, UNOC ya Uganda asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8. Kwa idadi ya viti serikali ni nyingi, lakini ukija kwenye kura zote tatu kwa pamoja zina asilimia 38 tu. Anayesoma mkataba aanze hapo.

6. Je, wajua kwamba asilimia 15 ya TPDC haikutolewa bure? Ni hisa za kulipia. Mradi ulipangwa kujengwa kwa sehemu kubwa ya mikopo, lakini benki kadhaa kubwa za nje zilijitoa kwa sababu ya shinikizo la wanamazingira. Mwezi Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuukosoa. Mikopo ya nje ilipochelewa, wanahisa wakalazimika kuingia mifukoni zaidi. Awamu ya kwanza ya mikopo hiyo ilitangazwa Machi 2025, nyingi ikitoka taasisi za Afrika, ikiwamo Afreximbank. Kila mwezi wa kusubiri benki ulikuwa mwezi wa mwanahisa kuchangia, na mwanahisa wa asilimia 15 huchangia asilimia 15.

7. Je, wajua kwamba bodaboda wa Kahama hataweka tone la mafuta ya bomba hilo kwenye tangi lake? Yatakayopita ni mafuta ghafi, na safari yake ni ya kwenda melini. Uganda ina mpango wake wa kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku huko Hoima, ambapo UNOC itashika asilimia 40. Tanzania kwa sasa haisafishi mafuta ghafi. Mwananchi wa Mbogwe aliyetoa shamba lake kupisha bomba anapaswa kujua hili mapema, asije akasubiri bei ya pampu ishuke kwa sababu ya bomba lililopita nyuma ya nyumba yake.

PAMPU NA WENYE PAMPU

8. Je, wajua kwamba hapo zamani mwagizaji wa mafuta nchini alikuwa mmoja? TPDC iliundwa mwaka 1969, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa na haki ya kuagiza mafuta. Soko lilifunguliwa kwa kampuni binafsi mwaka 2000. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka upande wa pili wa enzi hizo. Fedha za kigeni zilikauka, mafuta yakawa ya kupanga foleni, na magari binafsi yakapigwa marufuku barabarani Jumapili mchana. Shirika lilikuwa la umma kikamilifu. Kilichokosekana ni dola za kulipia meli.

9. Je, wajua kwamba nusu ya Puma Energy Tanzania ni mali ya serikali? Kampuni hiyo ndiyo iliyorithi vituo vya BP, na serikali ilibaki na asilimia 50 yake. Ukijaza tangi kwenye kituo chake, sehemu ya faida hurudi Hazina kama gawio. Wateja wengi wanaojaza hapo hawajui.

10. Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta? TIPER ya Kigamboni ilianza mwaka 1966 kwa ubia na Waitaliano. Usafishaji ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo TIPER ni ghala la mafuta, serikali ikiwa na asilimia 50 na Oryx asilimia 50. Serikali ilibaki mwanahisa, mbia na kazi ya kampuni vikabadilika.

11. Je, wajua kwamba tuna uzoefu wa mabomba wa zaidi ya nusu karne? Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilizinduliwa mwaka 1968. Zambia ina theluthi mbili, Tanzania theluthi moja. Mwaka 2023 liliachana na mafuta ghafi likaanza kusafirisha dizeli. Ukitaka kujua EACOP itatuletea nini, vitabu vya TAZAMA vinafundisha zaidi kuliko hotuba za uzinduzi.

12. Je, wajua kwamba kampuni ya mafuta haiagizi meli yake peke yake siku hizi? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, mahitaji ya kampuni zote hukusanywa, zabuni hutangazwa, na mshindi huleta shehena ya pamoja. Kazi hiyo inasimamiwa na Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja, PBPA. Meli hushusha Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Mfumo huu haumiliki hata kituo kimoja, lakini kwa bei ya mlaji una uzito kuliko kampuni nyingi za umma zenye vituo.

13. Je, wajua kwa nini bei ya dunia ikishuka leo, ubao wa kituo pale Geita mjini hausogei kesho? Mdhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Hesabu inatazama bei za nyuma za soko la dunia, gharama za kuleta meli, thamani ya shilingi kwa dola, kodi, tozo na usafiri wa ndani. Mafuta unayonunua leo yalinunuliwa zamani kidogo, kwa dola ya wakati ule.

14. Je, wajua kwamba Kahama iko takribani kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam? Nauli ya lori imo ndani ya kila lita. Ndiyo sababu jedwali la EWURA lina mstari wa kila mji. Bonyeza *152*00# kwenye simu, fuata maelekezo, uione bei ya mji wako. Kisha simama kituoni ufanye mambo mawili: linganisha ubao na simu, halafu dai risiti ya mashine. Muuzaji ana ruhusa ya kuuza chini ya kikomo, kukipita hana.

15. Je, wajua kwamba takribani nusu ya mafuta yanayoshushwa bandari zetu si ya kwetu? Ni ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na majirani wengine. Sehemu yake hupita Isaka na Kahama kuelekea Rusumo na Kabanga. Mafuta ya safari hayalipi kodi za ndani, kwa hiyo kishawishi cha kuyamwaga njiani ni kikubwa. Dawa iliyobuniwa ni vinasaba: mafuta ya soko la ndani hutiwa alama ya kikemikali, na mkaguzi akipima sampuli ya kituo anajua kama yalilipiwa kodi au yamechakachuliwa.

16. Je, wajua kwa nini mafuta ya taa yalipanda ghafla mwaka 2011? Kabla ya hapo kodi yake ilikuwa ndogo ili kumsaidia mwenye koroboi. Wajanja wakayachanganya na dizeli, injini za watu zikafa. Serikali ikaipandisha kodi ili tofauti ya bei iishe na uchakachuaji ukose faida. Ulikoma kwa kiasi kikubwa, na bibi wa kijijini akalipa gharama ya ujanja wa mwenye tenki.

17. Je, wajua kwamba TPDC ina kampuni tanzu ya biashara ya mafuta inayoitwa TANOIL? Ilianzishwa kuirudisha serikali kwenye uuzaji. Ripoti za Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ziliitaja kwa hasara. Faida ya lita moja ya mafuta ni nyembamba. Anayeuza kwa mkopo bila dhamana, au anayenunua dola ikiwa juu na kuuza ikiwa chini, huumia haraka, awe mtu binafsi au awe serikali.

DUARA LINAJUA HESABU HII

18. Je, wajua kwamba mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu anaelewa tofauti ya mrabaha na gawio bila kwenda chuo? Angalia mgao wa duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu. Mawe yakitoka, mwenye leseni huchukua mifuko yake hapohapo, liwe limetoka jiwe la dhahabu au jiwe tupu. Wenye duara husubiri: kwanza zitoke gharama za dizeli ya pampu ya maji, chakula, magogo ya kuegemeza na deni la mfadhili, ndipo wagawane kilichobaki. Mrabaha ni mifuko ya mwenye leseni. Gawio ni mgao wa wenye duara. Serikali inayoshangilia hisa ikasahau mrabaha imehama foleni ya mbele ikaenda ya nyuma.

19. Je, wajua kwamba mgodi wa Geita, GGM, uliofunguliwa mwaka 2000, umekuwa mikononi mwa AngloGold Ashanti kwa asilimia 100 tangu 2004? Hata hivyo serikali haikosi chake: mrabaha wa asilimia 6 ya thamani ya dhahabu, ada ya ukaguzi asilimia 1, kodi ya mapato, na ushuru wa huduma kwa halmashauri. Mrabaha hulipwa mgodi ukiwa na faida au ukiwa na hasara.

20. Je, wajua kwamba kuna wakati halmashauri zenye migodi zililipwa kiasi kilekile hata dhahabu ingepanda mpaka mawinguni? Mikataba ya miaka ya 1990 ilifunga ushuru huo kwenye dola 200,000 kwa mwaka. Baadaye ukahamia asilimia 0.3 ya mauzo. Hakuna hisa iliyonunuliwa wala kampuni iliyotaifishwa. Kifungu kimoja tu cha mkataba kilibadilishwa, mapato ya Geita yakabadilika nacho.

21. Je, wajua hesabu ya gawio la kwanza la Twiga? Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Makinikia yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi yote miwili ya Kahama. Mvutano ulizaa Twiga Minerals, Barrick ikiwa na asilimia 84 na serikali 16, makubaliano yakatiwa saini Januari 2020. Oktoba mwaka huohuo ukatangazwa mgao wa dola milioni 250. Asilimia 16 yake ni milioni 40, na ndizo zilizofika serikalini.

22. Je, wajua kwamba hisa hizo za asilimia 16 hazikulipiwa? Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 yanaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 ambazo hazipunguzwi mtaji ukiongezwa. Sasa ziweke kando ya zile za EACOP. Wilayani Kahama kwenyewe, kwenye dhahabu serikali imeingia bila kutoa mtaji, na kwenye bomba imetoa mtaji tangu kabla pipa la kwanza halijapita. Kwa namba tupu, 16 na 15 zinafanana. Kwa hesabu ziko mbali kama Chato na Chongoleani.

23. Je, wajua kwamba Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, nalo limo Geita? Lilianzishwa mwaka 1972. Katika mgodi wa Buckreef lina asilimia 45, mbia wake TRX Gold ana 55. Jirani, Biharamulo, lilinunua mgodi wa Tulawaka mwaka 2013 na kuuita Stamigold. Huko Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, makubaliano ya 2021 yaliipandisha serikali kutoka asilimia 25 hadi 37.

24. Je, wajua kwamba soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, baada ya serikali kufuta kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo? Kodi zilipungua, wauzaji wakajitokeza, na dhahabu iliyokuwa ikipita mifukoni ikaanza kupita kwenye mizani ya serikali.

UMEME UNAPOYAFUKUZA MAJENERETA

25. Je, wajua kwamba kwa miaka mingi GGM ilijizalishia umeme kwa mitambo ya mafuta? Gridi haikuwa imefika. Sasa njia ya kilovolti 220 kutoka Bulyanhulu imefika kituo cha Mpomvu, Geita. Kila megawati ya gridi inayoingia mgodini ni malori ya mafuta yasiyohitajika tena, na dola zisizotoka nje.

26. Je, wajua kwamba Shinyanga ni kituo kikubwa cha gridi ya taifa? Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, kilomita 670, inaishia hapo. Kusini mwa nchi, bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115. Na Kishapu kuna mradi wa TANESCO wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa 50. Jua lililokausha mtama kwa karne nyingi sasa lina mita.

27. Je, wajua nani anafaidi zaidi nguzo ya umeme ikifika machimboni? Mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Injini ya dizeli inataka mafuta kila siku, oili, mkanda na fundi. Mota ya umeme inataka luku. Gharama ya kusaga mfuko wa mawe ikishuka, hata mawe hafifu yanafaa kusagwa, na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanabaki mengi kwa wanaochenjua.

KESHO IKOJE?

28. Je, wajua kwamba TPDC inatafuta mafuta upande wetu huu? Bonde la Eyasi-Wembere linagusa mikoa ya Arusha, Singida, Tabora, Simiyu na Shinyanga. Ni sehemu ya mfumo uleule wa Bonde la Ufa uliozaa mafuta ya Ziwa Albert na ya Turkana. TPDC imechoronga visima vitatu vifupi vya kusoma miamba. Kusoma mwamba si kupata mafuta, kwa hiyo anayenunua kiwanja leo kwa tetesi avute subira.

29. Je, wajua kwamba wenzetu walifika walikofika kwa njia tofauti? Oman, ambako Kiswahili hakijawahi kuwa kigeni, serikali ina asilimia 60 ya kampuni ya PDO, na Shell asilimia 34. Saudia ilianza kununua Aramco mwaka 1973 kwa asilimia 25 na kumaliza 1980. Norway ina asilimia 67 ya Equinor, na mapato ya mafuta huwekwa kwenye mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya 1990, wenye masharti ya kuchota. Wote watatu walijenga wahasibu na wahandisi wao wenyewe.

30. Je, wajua kwamba ripoti ya CAG huwasilishwa bungeni kila Aprili, na yeyote anaweza kuisoma? Msajili wa Hazina naye hukusanya magawio na michango. Mwaka 2025 jumla yake ilivuka shilingi trilioni 1. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari hili liko wazi. Ripoti ijayo ikitoka, diwani wa Mbogwe, Chato au Kahama atafute jina la TPDC na aulize: mtaji wa bomba umefika kiasi gani, mkopo utamalizwa kulipwa lini, na gawio la kwanza linatarajiwa mwaka gani? Majibu yakija na tarehe, apige makofi kwa mikono yote miwili. Yakija bila tarehe, ashike kalamu.